Binti Hajavuka Kizingiti

Mchapaji alimwahidi mama yake mgonjwa hadithi ya binti aliyetoroka harusi. Kazini, barua za wateja alizichapa chapuchapu kwa programu ya kawaida, lakini hadithi yake akaiona yataka makubwa. Akapakua programu ya kupanga wahusika kwa rangi, kisha nyingine ya kuchora ramani ya matukio.

“Binti ameshatoroka?” mama aliuliza kitandani.

“Bado, mama. Namchagulia rangi.”

“Rangi? Kwani ni ukuta huyo? Nitakufa hajavuka kizingiti!”

Wakacheka.

Wiki moja baada ya maziko, alifungua ile programu ya kawaida. Binti akatoroka kabla chai haijapoa. Mchapaji akatoa nakala kwa herufi kubwa, za macho ya mama, akabaki ameishika.