Barua ya Posa Iliyofuliwa

Barua ya posa ya mpwa wangu niliisoma mimi, kwa sauti, sebuleni kwa dada yangu Msambweni, kwa kuwa katika ukoo wetu mwenye digrii ndiye husoma. Niliisoma mara mbili. Kisha nikaitia mfukoni mwa kanzu, nayo kanzu ikafuliwa. Kilichotoka mfukoni kilifanana na uji.

Jibu lilitakiwa Ijumaa, na mpwa wangu alikuwa na swali moja. Yeye hufanya kazi hotelini Diani; kijana anayemposa ni mtu wa Lunga Lunga.

"Mjomba, walisema nitaendelea na kazi ama nitahamia kwao?"

Nilifumba macho nikumbuke. Nilikumbuka kwamba neno "aila" lilitumika mara tano, na kwamba koma zilimwagwa kama chumvi.

"Na kuhusu kazi?"

"Mwandiko ulikuwa mzuri."

Tukamuuliza mamake. Yeye alikuwa amesikiliza kwa sikio la undugu: alimtaja babu wa kijana, dada wa babu, na shangazi mmoja aliyewahi kuolewa Bongwe. Babake alikumbuka idadi ya wageni watakaokuja, naye alikwishaanza kuwaza sufuria. Tulikaa sebule moja, tukasikia barua moja, kila mtu akatoka na yake.

"Wewe ndiye uliyeisoma," shemeji akaniambia. "Huko chuo kikuu ulikuwa ukifaulu vipi?"

Ikanibidi nimpigie simu ami yake kijana, ambaye ndiye aliyeiandika. Kukiri niliona haya, basi nikamwambia barua imetupendeza hata tungependa kuisikia tena kwa kinywa chake. Akafurahi. Akazikariri salamu zote, tangu kumshukuru Mwenyezi Mungu hadi kutuombea afya, bila kukosea neno.

"Na baada ya hapo, mzee wangu?"

"Baada ya hapo ni yale mambo ya kawaida tu."

Nilipokata simu, mpwa wangu alikuwa ameshika yake. "Nimemuuliza mwenyewe. Anasema nitabaki kazini, yeye ndiye atakayehamia Ukunda, karibu na hoteli. Anasema iliandikwa."

"Mbona hukumuuliza tangu mwanzo?"

"Nilidhani mambo ya posa huulizwa wazee."

Jibu nililiandika mimi, yeye akiwa amekaa ubavuni pangu. Nilipofika mstari wa tatu wa salamu, alinishika mkono. "Kazi kwanza, Mjomba." Nikachukua karatasi nyingine.