Mchele wa Hadubini ya Madam Adelina

Tangu asubuhi naandika na kufuta. Kichwa kinajua kwamba Madam Adelina amefariki, ila mkono bado unatafuta namba yake nimwambie huku mlimani leo jua limetoka.

Juzi tulimzika kwao Turiani. Presha, siku chache za hospitali, basi.

Kwa msiomjua, alikuwa mwalimu mwenzangu wa Biology, kwenye shule yetu ya kata huku juu Uluguru. Kwenye picha ni huyo anayecheka, kaipakata hadubini, mkono mmoja shingoni na mwingine chini, kama amebeba mtoto wa watu.

Hadubini tunayo hiyo moja tu. Haitumii umeme, ina kioo kidogo chini cha kunasa mwanga wa jua. Na huku kwetu jua ni mgeni, linakuja likipenda.

Kwa hiyo practical ya Adelina haikuwa na ratiba. Ukungu ukifunguka tu anagonga kengele, na vipindi vingine vyote vinasubiri. Mwalimu wa Civics aliwahi kwenda kumshitaki kwa Mkuu wa shule. Mkuu akamjibu, "Mwalimu, na mimi nilikuwa kwenye foleni ya kuchungulia."

Mimi nilifika pale na cheti kizuri, lakini hadubini nilikuwa sijawahi kuigusa. Shuleni tulichora seli kutoka ubaoni. Chuoni tulikuwa wengi, nikaishia kuchungulia mabegani mwa wenzangu.

Siku ya practical yangu ya kwanza nikawaandalia Form One utando wa kitunguu. Nikaona duara safi lenye ukingo mweusi. Nikawaambia wachore, seli ndiyo hiyo.

Kilikuwa kiputo cha hewa.

Adelina alipita, akainama akaangalia, akasubiri wanafunzi watoke. Tulipobaki wawili akaniambia, "Mwalimu Shabani, leo umewafundisha watoto hewa ya Mungu. Kesho tuwaonyeshe na kitunguu."

Nilicheka kwa aibu, kisha nikaenda nyumbani nikampigia kaka yangu mjini Morogoro. Nikamwomba anitafutie nafasi dukani kwake, maana ualimu umenishinda. Nikafunga begi.

Hodi mlangoni. Adelina, na kitunguu mkononi. Akaliona begi, hakuuliza. Akasema, "Twende maabara, jua linazama hilo."

Akanionyesha namna ya kuubandua ule utando mwembamba wa ndani, kuutandaza kwenye tone la maji, kisha tone la iodine. Kijikioo cha kufunikia hakidondoshwi, alisema. Unakigusisha upande mmoja kwanza, halafu unakilaza mdogo mdogo, hewa itoke yenyewe.

"Anza na lenzi ndogo, Shabani. Unataka kuona kiini wakati hata kitunguu hujakiona?"

Nikazungusha skrubu. Ukungu, ukungu, halafu zikaja. Seli safu kwa safu, zimepangana kama matofali, kila moja na ukuta wake na kiini chake kimejibanza pembeni. Kitu nilichokariri tangu nikiwa Form One kilikuwepo kweli, ndani ya kitunguu cha kupikia. Nilikaa pale nimeduwaa mpaka akaniambia, "Pumua basi, lakini pembeni, unatia mvuke lenzi."

Begi nililifungua jioni ileile. Leo ni miaka, bado nafundisha, na kila mwanafunzi wangu anayejua kutofautisha seli na hewa anadaiwa shukrani na yeye.

Sasa niwaambie habari ya mchele.

Huku unyevu unaotesha kuvu hata kwenye lenzi, na kuvu likishaota pale hadubini imekwisha. Tungepata wapi nyingine? Adelina alikuwa anakaanga mchele mkavu bila mafuta, anauacha upoe kwenye kopo lililofunikwa, anaushonea mfuko wa kitambaa na kuuweka ndani ya sanduku la hadubini. Mchele unanyonya unyevu, lenzi zinabaki salama. Alikuwa na mifuko miwili, mmoja sandukuni, mwingine unasubiri zamu nyumbani kwake.

Siku moja mama yake akaja kumtembelea kutoka Turiani. Akaukuta ule mfuko wa nyumbani, akaupika. Tukala na maharage, tukitafuna kwa adabu. Adelina akaacha kijiko. "Mama, mchele huu umeutoa wapi?"

Alipoelezwa, mama akashangaa kwelikweli. "Sasa mchele ambao si wa kula ni mchele gani huo?"

Adelina alicheka mpaka akatoka nje.

Alipolazwa, mvua zilikuwa zimekolea. Ujumbe wake wa mwisho kwangu haukuwa wa ugonjwa. Aliandika, "Mwalimu, mchele." Nikakaanga. Ila moyoni nilikuwa najiuliza, yeye asiporudi hii kazi nitaiweza peke yangu? Nilishazoea kuwa na mtu wa kunisahihisha bila kuniaibisha.

Juzi baada ya mazishi nilikwenda kumuaga mama yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono akaniomba nisubiri. Akaingia ndani, akatoka na mfuko mdogo wa kitambaa, umeshonwa kwa mkono, bado una joto.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Huu si wa kula."

Nililia pale mlangoni, sijali nani aliniona.

Asubuhi hii nimeuweka sandukuni. Nimezikagua lenzi zote, hazina hata doa.

Asante, Adelina, kwa kitunguu, na kwa kutouliza habari za begi. Mungu akupokee. Lala bila wasiwasi, dada yangu, vyombo vyako viko salama. Jua bado lipo, ngoja nikagonge kengele.