Ndoo Mbili za Pelagia

Ukitoka Kasulu kuelekea Manyovu, barabara inapanda na kushuka kati ya vilima vyekundu, na zamani kila bonde lilikuwa na migomba yake. Sasa mabonde mengi yana mihogo. Mnyauko umepita. Huanza na jani moja kuwa njano kabla ya wakati wake, kisha ndizi zinaiva mkungu ukiwa bado mchanga, na ukikata shina linatoa usaha. Nimeuona Burundi, nimeuona mashariki mwa Kongo, na kila lugha ya huko ina jina la kuulaani. Pelagia haupi jina. Anasema tu "umeingia", kama mtu anayezungumzia wezi.

Pelagia ni mjane. Alipoolewa, mama mkwe wake alimpa machipukizi ya migomba ya pombe, aina ambayo majirani hawakuwa nayo. Katika ukoo ule ndivyo mkwe anavyopewa mji wake: hapewi sufuria, anapewa migomba ya kukamulia urwarwa, ile pombe ya ndizi, na kabla ya kuipata wageni hawamhesabu kuwa mwenye nyumba. Pelagia naye ana mkwe, Asnath, mke wa mwanawe Laurent. Tangu harusi, Asnath alikuwa akiishi chini ya paa la Pelagia akisubiri migomba yake.

Miaka ya nyuma wataalamu walipita vijijini wakifundisha kwamba panga lililokata mgomba mmoja lisiguse mwingine kabla ya kuoshwa kwa jiki, dawa ileile ya kung'arishia mashuka. Wengi waliosha wiki ile ya semina, wakaacha. Pelagia hakuacha. Alizunguka shambani na ndoo yake ya jiki kama wengine wanavyozunguka na redio. Panga, jembe la kuazima, chipukizi linalohamishwa, vyote vilipita ndooni. Shemeji yake Kipriani, mkamuaji wa pombe, alimwita Mama Jiki mbele za watu.

"Shemeji, iko siku utaniosha na mimi."

"Wewe ndoo moja haikutoshi."

Ukaingia hata hivyo. Nyuki na nzi hutoka kwenye ua la mgomba wa jirani na kuja kwenye ua la mgomba wako, na hao hawapiti ndooni. Pelagia aling'oa shina baada ya shina mpaka yakabaki machipukizi machache yaliyoonekana mazima. Hayo ndiyo yalikuwa ya Asnath.

Hapo akaja Lusajo, afisa kilimo, kijana wa Mbeya aliyepangiwa kazi huku, na kidumu cha maji mazito yenye harufu ya udongo. Yalitoka kwenye maabara iliyokuwa ikifanya majaribio. Ndani yake, alisema, mna bakteria wazuri, ndugu wa hawa wa mnyauko lakini wasio na madhara. Wanatengeneza vijishale visivyoonekana kwa macho. Kijishale kikimgusa adui kinamtoboa ngozi, uhai wake unavuja, anakufa.

"Wanavirushaje?" Pelagia aliuliza.

"Hawarushi, mama. Bakteria anapasuka mwenyewe, vijishale vinamwagika nje."

"Anapasuka? Anakufa?"

"Mmoja anakufa. Wenzake wanabaki, maana vijishale vyao haviwadhuru. Vinawapata ndugu wa karibu wa upande mwingine tu."

"Kumbe ni ugomvi wa ukoo," alisema Kipriani, aliyekuwa amesimama nao. "Hawa ni Waha kabisa, kama sisi."

Lusajo alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ni jaribio. Siahidi kitu, mama. Loweka machipukizi humu mpaka asubuhi, halafu panda." Akaondoka na pikipiki, alikuwa anatakiwa Kakonko kwenye kikao.

Pelagia aliloweka. Alfajiri akaenda na Laurent na Asnath kwenye shamba jipya walilokodi, mbali na ardhi yenye ugonjwa. Asnath alibeba ndoo ya machipukizi. Pelagia alibeba ndoo yake. Kila chipukizi lilipotoka katika maji ya Lusajo, alilipokea, akalizamisha kwenye jiki, akalisugua mizizi kwa vidole, ndipo Laurent akalifukia. Hakuna aliyeuliza. Chipukizi linalotoka kwenye ugonjwa huoshwa. Hilo hata watoto wa kijiji kile wanalijua.

Mvua zilinyesha vizuri. Migomba ikashika, ikatoa majani mapana, na Asnath akaanza kufyatua tofali za nyumba yake. Halafu jani moja likawa njano.

Lusajo alikuja akachuchumaa. Alikata kidogo shina, akatazama usaha ukitoka.

"Mliloweka?"

"Usiku kucha."

"Mkapanda hivyohivyo?"

"Hivyohivyo vipi? Tuliyaosha kwanza." Pelagia alisema kwa fahari kidogo. "Kwa jiki, yote. Asnath ni shahidi."

Lusajo alibaki akiangalia chini. Pelagia alimtazama, akatazama ndoo iliyokuwa kando ya tuta, na sura yake ikabadilika polepole.

"Niliwaua wale bakteria wako," alisema.

"Mimi ndiye sikukwambia. Sikufikiri."

"Lete maji mengine."

"Jaribio limefungwa, mama. Maabara haitoi tena." Akaongeza haraka, "Na hata usingeosha, huenda ingekuwa hivihivi. Mnyauko una koo nyingi. Sijui kama vijishale vile vingeufaa huu wa kwako."

"Usinipoze."

"Sikupozi. Ni kweli sijui."

Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kosa angeweza kulibeba. Hili la kutojua halina mahali pa kulishika.

Wiki ile waling'oa yote. Mwenye shamba alikuwa amekuja kudai ardhi yake, kwa hofu isije ikaingiwa na ugonjwa. Pelagia alichimba shimo mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaburuta mashina mpaka yakajaa. Kipriani alisimama pembeni bila utani. Hakukuwa na chipukizi lingine la aina ile, si kwao wala kwa yeyote waliyemuuliza mpaka Munanila.

Asnath alishika jani moja lililobaki juu ya shimo.

"Mama, pombe yake ilikuwaje?"

"Hukuwahi kuionja?"

"Nilipokuja ilikuwa imeshakwisha."

Pelagia alitafuta neno la ladha ile, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hilo jani," alisema, akalifukia.