Mama Sara, usikipeleke kinanda kwa fundi

Leo nimeharibu shoo ya watu, halafu wao ndio wameniomba msamaha.

Tulikuwa Nyegezi, bendi mbili, kinanda kimoja. Kinanda ni cha Mama Sara wa bendi ya pili. Nilipomwamkia akaitikia, "Marahaba, piga tu mwanangu."

Na mimi wakati wa kujaribu sauti nikalalamika mwanzo mwisho. Mara kizito, mara kinakwaruza. Cha kuazima, jamani!

Tukaanza. Mwimbaji wetu akataka wimbo upande kidogo. Hapo ningelazimika kupiga zile nyeusi za kinanda, nazo zinanishinda (ndiyo, nimesema), nikabonyeza kile kitufe kinachopandisha noti zote za kinanda kwa pamoja. Tukashangiliwa, nikashuka.

Kitufe sikukirudisha.

Mama Sara akapanda na watu wake. Kinanda huku, gitaa kule, noti hazipatani. Ukumbi ukaanza kucheka.

Na nani alipaza sauti, "We wa gitaa, tyuni hilo gitaa!"?

Mimi. Soda mkononi.

Yule kaka akakaza nyuzi mpaka mmoja ukakatika.

Hapo ndipo nikakumbuka kile kitufe. Nikaendelea na soda yangu.

Waliposhuka, Mama Sara akanifuata. "Nisamehe mwanangu, kumbe ulivyolalamika ulikuwa sahihi. Kesho nakipeleka kwa fundi."

Nikamjibu, "Pole, mama."

Pole!

Sara, najua umo humu. Mwambie mama arudishe kile kitufe kwenye sifuri. Mwambie na kaka wa gitaa.

Wengine nitukaneni tu hapo chini.

Kinanda ni kizima. Mbovu ni mimi.