Mtafunaji wa Chumba cha Pili

Tangu atoke hospitali, fundi saa alibaki mifupa mitupu. Dada yake alimpikia uji wa maziwa, akimbembeleza ale kidogo kidogo, mara nyingi, lakini kila kitu kilimkwama kooni.

Jioni moja akasikia mtu akitafuna katika chumba cha pili, taratibu, kwa raha zake. Mate yakamjaa, akamaliza bakuli. Ikawa hivyo kila jioni, na mashavu yakaanza kurudi.

"Kaka, umenawiri!"

"Mshukuru jirani. Akila, nami natamani."

"Jirani yupi? Chumba kile kimefungwa tangu mzee aliyeishi humo afariki."

Wakachungulia dirishani. Vumbi tupu, hata kiti hakuna.

Mwili ukamsisimka fundi. Lakini jioni alisogeza meza ukutani, akanong'ona, "Karibu tule." Ng'ambo ya ukuta kutafuna kukaanza, naye akachukua kijiko.