Feni ya Kadi na Mazishi ya Baba Mkubwa

Kompyuta yangu ilianza kupiga kelele wiki ile ile baba mkubwa alipozikwa kule magharibi. Si kelele kidogo, jamani. Feni ya kadi ya picha, ile kadi ya ndani inayoendesha skrini, ilikuwa inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, inanyamaza, halafu skrini inazimika tu. Mimi natengeneza video za harusi na mazishi hapa Voi, kwa hiyo mashine hiyo ndiyo jembe langu.

Lakini safari hii sikuwa nawaza kazi. Baba hakwenda kumzika kaka yake. Moyo wake unamsumbua, na daktari alimkataza safari ndefu. Binamu yangu akatutumia video zote kwa flashi, na zile za droni zilikuwa nzito hata simu zetu zikakataa kuzifungua. Baba akaniambia, "Mama, nataka kuona kwetu." Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Alikuwa hajafika nyumbani tangu nikiwa shule ya msingi, na bado kila mgeni akija anaambiwa kwamba yeye hapa Voi anapita tu.

Nilifungua kasha la kompyuta. Vumbi jekundu, Mungu wangu! Nikalipiga brashi, nikapuliza, feni ikaendelea kukwaruza. Nikaiacha wazi nikaenda kanisani. Niliporudi ilikuwa inazunguka kimya kabisa, na Baba amekaa kando anatabasamu. Baba ni fundi mstaafu wa kiwanda cha katani. Maisha yake yote amepaka mashine grisi, na yangu nayo alikuwa ameipaka.

"Imepona," akasema.

"Baba! Hii si trekta!"

"Kila kinachozunguka kinataka mafuta," akanijibu, hata hakunitazama.

Siku chache tu, upepo wa Voi ukafanya kazi yake. Vumbi na grisi vikawa tope, tope likakauka, feni ikakwama kabisa. Mdomo wangu mimi hauna breki, na siku hiyo nilikuwa nimeshaufungua nigombe. Kisha nikamwona Baba amesimama mlangoni na ile flashi mkononi. Nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi alisema feni ya aina ile haipatikani hapa mjini. Akanipa nyingine, kubwa zaidi, aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa, akaniambia niifunge juu ya kadi hivyo hivyo. Tukaifunga kwa kamba ya katani, Baba akikaza mafundo, mimi nikimulika tochi. Ilikuwa na sura mbaya sana, lakini ilipuliza.

Tukakaa kutazama. Baba aliwatambua watu mmoja mmoja, akawacheka waliozeeka. Jeneza lilipoteremshwa alivua kofia, akalia kidogo, akajifuta. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijiona mtoto mwema.

Kisha droni ikapaa, boma zima likaonekana kutoka juu.

"Simamisha," akasema. Akasogea mpaka pua ikakaribia skrini. "Rudisha nyuma. Tena."

Nikarudisha. Akaweka kidole penye shamba la miwa, nyuma ya nyumba mpya ya binamu yangu. "Hapa palikuwa na nyumba yangu. Niliijenga kabla sijamwoa mama yako. Na huu mti nilipanda mimi."

Hapakuwa na nyumba. Hata msingi haukuonekana. Kwetu mwanamume asiye na nyumba bomani hana mahali pa kulazwa akifa, na hilo hakuhitaji kunieleza. Ee, ningejua, ningeiacha ile feni na tope lake. Angebaki na nyumba yake kichwani.

Aliondoa kidole kwenye skrini, akaivaa kofia yake tena, feni ikivuma. Kisha akasema, "Basi mtanizika hapa hapa."

Nikaitikia, "Sawa, Baba." Sikuweza kumwuliza hapa wapi, maana hata chumba tulichokuwa tumekaa ni cha kupanga.