Turubai la Bibi Lilivyonifundisha Kupaa Majini

Kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuburutwa na turubai, nianze na vifaa.

Mchezo wenyewe ni hivi: mtu anasimama juu ya ubao majini, amefungiwa tiara kubwa kama paa la kibanda, upepo unaivuta tiara, tiara inamvuta yeye, naye anateleza juu ya maji kama aliyepakwa mafuta. Akitaka, anaruka. Tuliuona kwenye simu ya kaka wa rafiki yangu, yule ninayekaa naye dawati moja kidato cha tatu. Mzungu wa kwenye simu aliruka juu, akakaa huko muda wa kutosha kunywa chai, kisha akashuka.

"Oya, anatumia injini gani?" nikauliza.

"Upepo tu, mwanangu," rafiki yangu akajibu.

Tukatazamana. Singida unaweza kukosa vitu vingi, lakini si upepo. Upepo wa kwetu unaanua nguo kabla hujatumwa, halafu unakuletea shati la jirani. Ziwa nalo tunalo, Singidani lipo pale chini ya nyumba ya bibi yangu kule Mwankoko, limetulia na chumvi yake, halina kazi. Tulichokosa ni vifaa tu.

Ubao tuliupata haraka: mlango wa banda la kuku. Tuliugongelea kandambili mbili kuukuu, kwa sababu kwenye simu kulikuwa na mikanda ya kushikilia miguu. Kuku walitoka kutazama. Mpini wa kushika, ule wa kuongozea tiara, ukawa mpini wa jembe. Kamba zilikuwa za kufungia ndama, maana kwao rafiki yangu ni wafugaji. Kofia ngumu tuliiacha. Mwalimu wa hesabu amekwisha kuthibitisha mbele ya darasa zima kwamba kichwa changu ni kigumu.

Ikabaki tiara. Na hapo ndipo anapoingia bibi.

Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kupura alizeti. Kina mama wa huku huzunguka nyumba kwa nyumba na fimbo zao: leo kwako, kesho kwa mwenzako. Wakifika kwako wakakuta hujajiandaa, wanapita kwa anayefuata, nawe unasubiri mzunguko uishe, huku mbuzi na kanga wanakumalizia alizeti yako taratibu. Kujiandaa maana yake ni kitu kimoja: turubai. Alizeti ikipurwa chini inabeba mchanga, na wenye mashine ya kukamua mafuta hawataki hata kuiona. Bibi ana turubai moja, la bluu, analipenda kuliko marehemu babu. Hilo amelisema mwenyewe.

"Mume wangu," akaniambia asubuhi ile, maana ndivyo anavyoniita, na mimi namwita mke wangu mkorofi, "kalikung'ute turubai langu, ulianike. Saa tisa wenzangu wanafika. Lisipokuwepo, nakuacha naolewa kwingine."

"Na meno hayo mawili?"

"Yanatosha kukung'ata. Nenda."

Mimi nikaona mambo hayagongani. Kulikung'uta ni kulikung'uta. Kuna upepo gani unaokung'uta turubai kuliko wa ziwani?

Rafiki yangu ndiye aliyenifunga. Mkanda wa kiunoni ni kifaa muhimu sana kwenye mchezo huu, kwa sababu mikono peke yake haiwezi kuizuia tiara. Sisi tulitumia kamba ya katani, akaizungusha mara kadhaa, akaiunganisha na kamba za turubai na kupiga fundo mgongoni.

"Hili fundo," akasema kwa fahari, "dume la baba halijawahi kulifungua."

Nikampongeza. Baadaye, nilipoitazama tena ile video kwa utulivu, niliona kwamba yule Mzungu ana kitu chekundu kifuani. Akikivuta, tiara inaachia papo hapo. Ndicho kifaa cha kwanza wanachofundishwa. Sisi tulikuwa tumetengeneza kinyume chake kabisa.

Tuliingia majini mpaka magotini. Upepo ulikuwa unatoka ng'ambo, unakuja kwetu, unaelekea nyumbani. Hilo nalo nimekuja kujua ni kosa: wenye mchezo wao hutafuta upepo wa kupita ubavuni mwa ufukwe. Ukikujia kwa mbele hivyo, unakutupa nchi kavu. Nikavaa zile kandambili. Rafiki yangu akainua turubai upande mmoja, akasema, "Bismillahi," ingawa yeye ni Mkatoliki.

Turubai likajaa.

Nitasema ukweli: niliteleza. Kwa muda wa kupiga chafya moja nilikuwa mwanamichezo. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu kama vijiti, waliruka wote kwa pamoja, nami nikadhani wananishangilia. Halafu maji yakaisha. Ubao ulibaki kwenye tope na kandambili zake, mimi nikaendelea na safari.

"Achia!" rafiki yangu akapiga kelele.

"Nitaachiaje, umenifunga wewe!"

Tope, nyasi, njia ya ng'ombe. Mpini nilikuwa nimeshautupa, lakini kiuno hakitupwi. Na kwenye njia ile nikakutana na kina mama, wanapanda kwenda kwa bibi, fimbo begani. Mimi nimelelewa. Hata ukiburutwa, mkubwa husalimiwa.

"Shikamooni!"

"Marahaba, mwanetu," wakaitikia wote, na mmoja akauliza, "unakwenda wapi mbio hivyo?"

"Sijui, mama!"

"Haya, msalimie bibi yako!"

Turubai lilisimama kwenye mgunga. Miiba ya mgunga haina masihara. Nilisikia sauti ya kuchanika na kwa mara ya kwanza siku ile nikaogopa kweli, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya zamu ya bibi ikichanika. Tulipolinasua lilikuwa na tundu katikati, ukubwa wa makalio ya mtu. Rafiki yangu alijaribu kufungua fundo kwa vidole, kisha kwa meno. Likazidi kukaza.

Hivyo nikafika nyumbani nimefungwa kwenye turubai kama mbuzi wa mahari. Kina mama walikuwa wamesimama uani. Mmoja alikuwa ameshaanza kusema kwamba basi, waende kwa mwingine, siku isipotee. Bibi alilitandaza turubai, akalizunguka, akainama, akachungulia kwenye tundu kama mtu anayechungulia kisima.

"Wenzangu, wekeni fimbo chini kidogo," akasema. Kisha akanigeukia. "Mume wangu, kaa hapa."

"Hapa wapi?"

"Juu ya tundu. Wewe ni kiraka."

Nikakaa. Fundo lenyewe lilikuwa halijafunguka, sikuwa na pa kwenda. Wakamwaga vichwa vya alizeti kunizunguka mpaka kifuani, wakaanza kupiga. Fimbo zilikuwa zinashuka pande zote, karibu na magoti, karibu na masikio.

"Kiraka, usitikisike!" mmoja akasema.

"Kiraka gani hiki kina macho?" mwingine akajibu, wakacheka mpaka wakapoteza mdundo.

Rafiki yangu alipewa kazi ya kufukuza kuku, ambao hawakuwa na mlango tena.

Mpaka jua linapoa, alizeti yote ya bibi ilikuwa imepurwa, safi, haina mchanga. Ikabaki kupepeta. Bibi akainua ungo, akapiga mluzi, maana anaamini upepo huitwa hivyo, na upepo ukaja. Nikasikia turubai linavuta pumzi chini yangu. Pembe moja ikainuka.

Bibi akanitazama juu ya ungo.

"Kalia," akasema.

Nikakalia.